Faili Zimepotea: Namna ya Kuzirudisha, na Mahali pa Kuziweka Zisipotee Tena

Kama faili imepotea leo hii na ndiyo maana uko hapa, usisome mwongozo huu kwenye kompyuta iliyoipoteza. Soma kwenye simu. Kama ni flashi au memori kadi, ichomoe uiweke kando. Kama faili ilikuwa kwenye diski ya ndani ya kompyuta, bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu mambo: mtu anashtuka, halafu anaanza kupakua programu za kurudisha faili, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikiingia kwenye diski ile ile anayotaka kuiokoa.

Unapofuta faili kwenye diski ya kawaida, ile inayozunguka, kompyuta haifuti yaliyomo. Inafuta tu kumbukumbu ya mahali faili ilipokaa, kisha inaihesabu sehemu hiyo kuwa wazi. Kwenye flashi na kadi zilizofomatiwa kwa FAT32, moja ya mipangilio ya kuhifadhia faili, jina la faili lenyewe hubaki kwenye orodha, herufi yake ya kwanza ikiwa imebadilishwa kuonyesha kwamba imefutwa. Barua zako, picha zako na hesabu za chama bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na kompyuta iliyowashwa huandika muda wote hata kama hujagusa kibodi: kivinjari kinahifadhi kurasa, Windows inapakua masasisho, programu zinaandika kumbukumbu zake. Kila dakika unayoiacha ikiendelea kufanya kazi, nafasi yako inapungua.

SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni habari nyingine, na ni vyema uijue mapema usije ukapoteza wiki nzima ukihangaika. SSD za ndani hutumia amri iitwayo TRIM, ambayo Windows imekuwa nayo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Ukifuta faili, mfumo unaiambia diski kwamba sehemu zile hazihitajiki tena, na diski inazisafisha kwa wakati wake. Baada ya hapo hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, itakayoleta chochote zaidi ya sifuri tupu. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini sasa, hata zile za mtumba kutoka ng'ambo, zina SSD. Kwa mwenye SSD, tumaini kubwa liko kwenye nakala, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nakala.

Kwanza, hakikisha imepotea kweli

Faili nyingi zinazosemekana zimepotea ziko mahali fulani. Angalia kikapu cha taka cha kompyuta, ila ujue kwamba faili iliyofutwa kutoka kwenye flashi haipiti huko, wala ile uliyoifuta kwa kushikilia Shift. Tafuta kwa aina na tarehe badala ya jina: andika *.docx kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha panga matokeo kwa tarehe ya kubadilishwa. Mara nyingi faili imehifadhiwa tu kwenye folda usiyoitarajia, au kwa jina ulilolisahau.

Kama ni hati ya Word iliyofungwa kabla hujaihifadhi, labda stima ilipotea, fungua Word, nenda File, kisha Info, kisha Manage Document, uchague kurejesha hati ambazo hazijahifadhiwa. Kwa kawaida Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Kama faili ilikuwa Google Drive, taka zake hukaa siku 30 kabla ya kufutwa moja kwa moja.

Kisha fikiria kila mahali ulipowahi kuituma. Barua pepe zilizotumwa. Mazungumzo ya WhatsApp na msimamizi wako wa tasnifu. Saiba ulikochapisha wiki iliyopita, kwa sababu ukijitumia faili ukaifungulia pale, kuna uwezekano mkubwa kwamba bado imekaa kwenye folda yao ya vipakuliwa. Hilo ni jambo baya kwa siri zako, lakini siku ya namna hii linaweza kukuokoa.

Flashi iliyotoka saiba na folda zilizogeuka mishale

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu hapa Nairobi linasumbua mno, na watu wengi hufomati flashi yenye kila kitu ndani wakidhani haina kitu. Umetoka kuchapisha kwenye saiba, unafika nyumbani, unaichomeka flashi, na folda zako zote zina kimshale kidogo pembeni. Au zimetoweka, kumebaki alama moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Ukibofya, kitu kinamweka haraka kwenye skrini na kupotea.

Usibofye tena. Bofya kulia kwenye flashi, fungua sifa zake, uangalie nafasi iliyotumika. Flashi ya gigabaiti 8 inayoonekana tupu, lakini inasema imetumia 6, si tupu. Kirusi kimezificha faili zako na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake, ili ukibofya ukisambaze kwenye kompyuta yako.

Angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni F. Fungua dirisha la amri kwa kubonyeza kitufe cha Windows, kuandika cmd na kubonyeza Enter. Kisha andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Subiri mpaka mstari mpya utokee. Amri hiyo inaondoa alama za kufichwa, za kusoma tu na za mfumo kwenye kila faili na kila folda. Fungua flashi tena. Folda zako halisi zitakuwepo, na wakati mwingine zote zitakuwa zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili hati, picha na video zako tu kwenye kompyuta. Usinakili chochote kinachoishia kwa .lnk, .vbs, .js au .exe ambacho hukukiweka wewe. Pima ulichonakili kwa programu ya kuzuia virusi, hata ile ya Windows yenyewe inatosha, ndipo uifomati flashi. Na kompyuta uliyotumia kuibofya mara ya kwanza nayo uipime.

Imefutwa kweli: jinsi ya kuifuata

Unahitaji vitu viwili: kompyuta nyingine, na diski nyingine ya kupokelea yatakayopatikana. Hiyo ya pili haina mjadala. Kila kinachorudishwa lazima kiandikwe kwenye diski tofauti na ile unayoisoma.

Kama ni kadi ya SD ya kamera, pembeni mwake kuna kitufe kidogo cha kufungia. Kitelezeshe upande wa kufunga kabla ya kuichomeka kwenye kisoma kadi. Adapta za kadi ndogo za simu nazo huwa nacho. Ni kinga ya bure ambayo wapiga picha wengi wa harusi hawaijui kabisa.

Kama ni diski ya ndani ya laptopu, itoe uichomeke kwenye mashine nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB, ambazo maduka ya vifaa vya kompyuta mjini hayazikosi. Lakini ngoja kidogo kabla ya kufungua skrubu. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila mwenyewe kujua, na ukiichomeka diski hiyo kwingine utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzishia kompyuta. Ingia kwa simu uutafute kwanza, uuandike kwenye karatasi.

Programu ninayoianzia ni PhotoRec, pamoja na mwenzake TestDisk. Zote mbili ni za bure, zimetengenezwa na Christophe Grenier, na hupakuliwa kwa pamoja. Programu nyingi za kulipia hukuonyesha orodha ndefu ya faili bure, halafu zinakudai pesa ukitaka kuzitoa. Hizi hazina mtego huo. Zina sura ngumu, maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, lakini ukizifuata hatua kwa hatua hazikuangushi.

TestDisk ni ya pale ambapo diski nzima imepotea: unachomeka, Windows inasema lazima uifomati kabla ya kuitumia. Kataa. Ujumbe huo mara nyingi maana yake ni kwamba orodha ya sehemu za diski imeharibika, faili zenyewe zikiwa salama. Fungua TestDisk, chagua diski, kisha Analyse, kisha Quick Search. Ikipata sehemu iliyopotea, bonyeza P uone faili zilizomo. Ukiziona, chagua zote kwa herufi a ndogo, unakili kwa C kubwa kwenda diski ya pili. Usikubali kuandika mabadiliko yoyote kwenye diski iliyoharibika kabla hujatoa faili zako.

PhotoRec haijali orodha wala majina. Inasoma diski mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za mwanzo za kila aina ya faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, daima huanza na baiti FF D8 FF. Kwa hiyo hufanya kazi hata kwenye kadi iliyofomatiwa, mradi haijaandikwa upya. Gharama yake ni kwamba majina yote yanapotea. Utapata folda ziitwazo recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, na ndani yake faili zenye majina kama f0284672.jpg, maelfu kwa maelfu, zikiwemo picha ndogo ndogo za kurasa ulizowahi kuzifungua. Ndiyo maana kabla ya kuanza unapaswa kuingia File Opt na kuacha aina unazozihitaji tu. Anayetafuta tasnifu hana haja ya picha elfu 20. Baadaye panga kwa ukubwa: faili kubwa ndizo halisi, vipande vidogo ndivyo takataka. Tarehe ya kupiga picha huwa imehifadhiwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo kuzipanga upya kunawezekana, japo kunachosha.

Microsoft nayo ilitoa zana yake ya bure mwaka 2020, Windows File Recovery, inayopatikana kwenye duka lao la programu. Hutumika kwa amri. Ukitaka kutafuta hati za Word zilizofutwa kwenye diski E na kuzipeleka diski D:

winfr E: D:\Zilizorudi /extensive /n *.docx

Mambo mawili yanaweza kukukatisha tamaa hapa. Faili kubwa zilizokuwa zimetawanyika vipande vipande kwenye diski, hasa video, hurudi zikiwa na mapengo au zikakataa kufunguka. Na faili zilizofungwa na kirusi cha kudai fidia hazirudi kwa njia hizi, maana hazikufutwa, zimefungwa kwa ufunguo. Kwa hizo, nenda nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Ulaya na Uholanzi pamoja na kampuni za usalama, uangalie kama aina iliyokupata ina ufunguo wa bure. Usilipe kabla ya kuangalia hapo.

Diski inapougua

Tofautisha faili iliyofutwa na diski inayokufa. Diski inayokufa hukwama ukifungua folda, hunakili kwa kusuasua, hupotea na kurudi, au hutoa sauti. Ukisikia mlio wa tak, tak, tak unaojirudia, zima mara moja, na usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, huku sahani ikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kikianguka, kila mzunguko unakwangua ule utando ulioshika data. Usiiweke kwenye friji. Usiigonge. Usikubali mtu aifungue kwenye meza ya duka. Vumbi lisiloonekana kwa macho ni jiwe kubwa kwa kichwa hicho.

Kama haitoi sauti, soma afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo. Angalia mstari wa 05, sekta zilizohamishwa, na wa C5 (yaani 197), zile zinazosubiri. Kwenye safu ya namba ghafi kunapaswa kuwa na sifuri. Zikianza kupanda, nakili vya muhimu kwanza, leo, kabla ya kufanya jambo lolote lingine. Lakini usilale kwa sababu tu umeona neno zuri la rangi ya bluu. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya laki moja, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne zilizoaminiwa zaidi.

Kwa diski inayosuasua lakini inaonekana, usiendeshe PhotoRec juu yake moja kwa moja. Chukua picha kamili ya diski kwanza, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, kisha ufanye kazi kwenye picha hiyo. Washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, tambua diski kwa amri ya lsblk, na uhakikishe mara mbili kwamba hujachanganya majina, kwa kuwa ukigeuza mpangilio utaandika juu ya kile unachokiokoa. Kisha, ukiwa ndani ya folda iliyo kwenye diski ya pili, na kama diski inayougua inaitwa sdb:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Amri ya kwanza inachukua vilivyo rahisi na kuruka vibovu. Ya pili inavirudia vibovu mara tatu. Faili ya .map inakumbuka ilipofika, kwa hiyo stima ikipotea katikati unaendelea palepale. Kazi hii inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Iache ifanye.

Ukifika kwa fundi

Mafundi wazuri wapo, Luthuli na Moi Avenue na kwingineko, na wengine wana mikono ya dhahabu. Bado uliza maswali matatu kabla ya kumwachia diski. Kazi ataifanyia kwenye picha ya diski au kwenye diski yenyewe? Utalipa kama hakuna kilichopatikana? Na nakala za faili zako atazifuta lini? Anayejibu la kwanza bila kusita anaijua kazi. La tatu lina uzito wa kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu kila anayeshughulikia taarifa za watu, na diski ya kliniki, shule au chama imejaa taarifa za watu ambao hawakukupa ruhusa ya kuzisambaza. Andika karatasi fupi yenye namba ya diski iliyobandikwa juu yake, mliyokubaliana na tarehe, mtie sahihi nyote wawili. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Diski inayogonga haifai kwa fundi wa mtaani hata awe hodari vipi. Inahitaji chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski ya aina ile ile, na gharama yake ni kubwa. Kama thamani ya faili haifikii huko, ihifadhi bila kuiwasha.

Chombo gani kinaaminika?

Hakuna. Nasema hivi kwa moyo mzito, kwa kuwa watu huniuliza wakitarajia niwatajie jina la kununua. Kila chombo kina namna yake ya kufa, na kazi yako ni kuchanganya vyombo visivyokufa kwa namna moja.

Flashi ni chombo cha kubebea, si cha kutunzia. Data yake ni chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye seli ndogo, na huvuja polepole, kwa haraka zaidi penye joto. Flashi za bei rahisi hutengenezwa kwa seli za daraja la chini. Juu ya hilo kuna za bandia. Ile ya terabaiti 2 unayouziwa kando ya barabara kwa bei ya mlo wa watu wawili ina gigabaiti chache tu ndani, na imepangwa idanganye kompyuta. Itapokea faili zako zote bila kulalamika, itaonyesha majina yake yote, na ukizifungua nyingi zitakuwa tupu, kwa kuwa ikijaa huandika juu ya yale ya mwanzo au hutupa. Kabla ya kuamini flashi, kadi au SSD yoyote ya nje, ijaze kwa H2testw kwenye Windows, au kwa f3write na f3read kwenye Linux. Zinaijaza mpaka mwisho kisha zinasoma kila kitu upya. Fanya hivyo siku ya kununua, risiti ikiwa bado mfukoni.

SSD ya nje haiogopi kuanguka, na hiyo ni faida kubwa kwa mtu wa matatu. Lakini haipendi kuachwa bila umeme. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya kielektroniki, kwa SSD za watu wa kawaida kinadai kwamba diski iliyotumika mpaka kikomo chake itunze data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30 za selsiasi. Ikiwa mpya itatunza muda mrefu zaidi, na hali ya hewa ya Nairobi inasaidia, ila chumba cha mabati saa nane mchana hupita nyuzi hizo kwa urahisi. Ichomeke kila baada ya miezi michache. Pia SSD hufa ghafla: jana nzima, leo haionekani kabisa.

Diski ya nje inayozunguka bado ndiyo inayokupa nafasi kubwa kwa pesa kidogo, na ndiyo ningeipendekeza iwe nakala kuu ya nyumbani. Kampuni ya Backblaze, inayotunza mamia ya maelfu ya diski na kuchapisha takwimu zake, huona kati ya 1 na 2 kwa kila mia zikifa kwa mwaka. Hizo ziko kwenye vyumba vya baridi, hazibebwi. Yako inabebwa. Usiihamishe ikiwa inazunguka, na usiivute kebo bila kuiondoa kwanza kwenye mfumo.

CD na DVD za harusi na mahafali ya miaka ya 2000 zinanihangaisha sana. Zile za kuandikwa nyumbani na studioni zimeshika data kwenye rangi inayochakaa kwa mwanga wa jua na joto. Kwenye CD, utando wa data uko juu, chini tu ya lebo, kwa hiyo mkwaruzo upande wa maandishi unaweza kuua kuliko ule wa upande unaong'aa. Kama una za wazazi kwenye kabati la sebuleni, zinakili mwaka huu. Tafuta kompyuta yenye kisoma DVD sasa, maana nazo zinaadimika. Diski ikikataa, jaribu kisoma kingine. Mara nyingi kimoja husoma kilichomshinda mwenzake. Ddrescue nayo hufanya kazi kwenye DVD.

Wingu, yaani Google Drive, OneDrive na wenzao, halifi kwa kuanguka wala kuibwa. Lina udhaifu mwingine. Ukiwa umeliunganisha na kompyuta ili lifanane nayo, ukifuta hapa linafuta kule, na kirusi kikifunga faili hapa, zilizofungwa zinapanda kule. Google inakupa gigabaiti 15 bure kwa barua, picha na Drive kwa pamoja, nazo hujaa mapema. Na mlango wa kuingilia ni simu yako. Ikinyakuliwa dirishani mwa matatu pale Tom Mboya, unaweza kujikuta nje ya akaunti yako mwenyewe. Leo hii chapisha zile namba za dharura za akaunti ya Google, kumi za tarakimu nane kila moja, uziweke na cheti chako cha kuzaliwa.

Mpango wa kufuata

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, 1 ikiwa mahali pengine kabisa. Kwa mtu wa Nairobi mimi huipanga hivi: faili kwenye kompyuta, diski ya nje nyumbani, na za muhimu kabisa kwenye wingu. Kama intaneti yako ni ya bando na video zako ni nyingi, badala ya wingu nunua diski ya pili ikae ofisini, kwa dada yako, au ushago, muibadilishane kila unapokwenda. Mahali pengine maana yake si chumba kingine cha nyumba ile ile. Mwizi huchukua laptopu na diski iliyo kando yake, na mafuriko ya Aprili 2024 kule Mathare hayakuchagua chumba.

Kunakili kwenyewe usikuachie kumbukumbu ya kichwa. Kwenye Windows, amri hii inapeleka vilivyo vipya au vilivyobadilika tu, jina la folda na herufi ya diski ukibadilisha ziwe zako:

robocopy C:\Kazi E:\Nakala /E

Utaona watu wakishauri /MIR badala ya /E. Hiyo hufuta kwenye nakala kila ulichofuta kwenye kompyuta, hata ulichofuta kwa bahati mbaya. Baki na /E. Na ukimaliza, chomoa diski. Diski iliyochomekwa saa zote inapigwa na stima ikirudi kwa kishindo, kama inavyoweza kutokea baada ya giza kama lile la Agosti 25, 2023 lililofunika karibu nchi nzima, na kirusi kikiingia kinaifikia pia.

Kisha jaribu. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Mara moja kwa mwezi, ichomeke diski ya nakala kwenye kompyuta nyingine kabisa, ufungue hati moja ya zamani, picha moja, na video moja ukiipeleka mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa video iliyokatika hucheza vizuri mwanzoni. Kwa faili kubwa ya thamani, linganisha alama yake ya kidole kwenye pande zote mbili:

certutil -hashfile E:\Nakala\harusi.mp4 SHA256

Endesha amri hiyo kwa faili ya asili pia. Mfululizo wa herufi na namba ukilingana, nakala ni sawa baiti kwa baiti. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, nakili upya, na uanze kuishuku diski.

Bandika karatasi ndogo kwenye kila diski yenye mwezi na mwaka ulioinunua. Ikifika miaka mitano ya kutumika, inunulie mrithi, ile ya zamani iwe nakala ya ziada. Na kama umeifunga diski kwa nywila, jambo ninaloliunga mkono kwa diski inayokaa nje ya nyumba, iandike nywila hiyo, uitie kwenye bahasha, umkabidhi mtu mmoja wa familia, umwonyeshe kwa macho yake jinsi ya kuichomeka na kuifungua.